Mlango wa Karen Ulipofungwa: Korona na Ngazi ya Gofu ya Kulipwa

Alhamisi ya tarehe 12 Machi 2020 ilipangwa kuwa siku ya raundi ya kwanza ya Kenya Open katika uwanja wa Karen, Nairobi. Hakuna aliyepiga mpira siku hiyo. Tangu tarehe 6 serikali ya Kenya ilikuwa imesimamisha mikutano na matukio ya kimataifa, na wachezaji wa European Tour walizipata habari hizo wakiwa Doha kwenye Qatar Masters. Siku hiyohiyo ya tarehe 12, vipimo vilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya, taarifa iliyotangazwa kesho yake. Na huko Florida, Hideki Matsuyama wa Japani alimaliza raundi ya kwanza ya The Players Championship kwa mikwaju 63, akilala juu ya orodha. Usiku ulipoingia PGA Tour ikafuta mashindano yote, na mikwaju ile 63 ikabaki kumbukumbu tu.

Ukimuuliza mpenzi wa gofu korona iliufanyia nini mchezo wake, atakutajia mashindano yaliyofutwa na yaliyoahirishwa. Hakosei, lakini anaishia juu juu. Mashindano makubwa yalipata tarehe mpya, na yakachezwa. Mabingwa walirudi na nafasi zao zikiwa zimelindwa kwa kanuni. Aliyeumia zaidi, na kwa muda mrefu zaidi, ni mchezaji aliyekuwa chini ya ngazi akisubiri zamu yake ya kupanda. Kwa Afrika Mashariki zamu hiyo huja mara moja kwa mwaka, na huja kupitia Kenya Open.

Tuanze na wakubwa, maana kwao hadithi ni fupi. Masters ilihamishwa kutoka Aprili hadi Novemba, ikachezwa Augusta bila watazamaji, na Dustin Johnson akashinda kwa mikwaju 268, rekodi ya mashindano hayo. PGA Championship ilisogezwa hadi Agosti huko San Francisco, akaichukua kijana Collin Morikawa. US Open ilichezwa Septemba, akashinda Bryson DeChambeau. Kati ya yale manne makubwa ni The Open ya Uingereza pekee iliyofutwa kabisa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1945. R&A, wenye mashindano hayo, walikuwa na bima, na mwezi Mei wakatangaza mfuko wa pauni milioni 7 wa kuunusuru mchezo. Ryder Cup ilisukumwa mwaka mzima hadi Septemba 2021. PGA Tour ilikaa kimya miezi 3, kisha ikarejea Texas tarehe 11 Juni. European Tour ilikaa kimya miezi 4: mpira wa mwisho ulipigwa Doha tarehe 8 Machi, Jorge Campillo wa Hispania akishinda baada ya mashimo ya ziada, na uliofuata ulipigwa Austria tarehe 9 Julai.

Huko Austria lilitokea jambo ambalo kila mwenye kuijua gofu kwa ndani analikumbuka. Marc Warren wa Uskoti alishinda akiwa amebeba mwenyewe mfuko wake wa fimbo, kwa sababu kipimo cha kedi wake, yaani msaidizi anayembebea mfuko huo, kilionyesha ana virusi kabla ya safari. Mwaka uliofuata, Juni 2021, Jon Rahm aliongoza kwa mikwaju 6 baada ya raundi 3 za Memorial huko Ohio. Akatoka shimo la 18 akakuta maofisa wanamsubiri na majibu ya kipimo, na hakuruhusiwa kucheza raundi ya mwisho. Majuma mawili baadaye alitwaa US Open. Matsuyama naye, aliyenyang'anywa raundi ya 63, alishinda Masters Aprili 2021 na kuwa Mjapani wa kwanza mwanamume kutwaa mojawapo ya mashindano makubwa manne. Hawa walipoteza Jumapili moja, wakapata nyingine, kwa sababu wana Jumapili nyingi kwa mwaka.

Na hata ile Jumapili aliyoipoteza Matsuyama haikuwa ya hasara tupu. The Players ilikuwa na zawadi ya dola milioni 15. Ilipofutwa, nusu yake iligawanywa sawa kwa wachezaji 144, kila mmoja akaondoka na dola 52,000 na ushei kwa raundi moja. Uamuzi ule ulikuwa wa haki na ninaupongeza. Lakini ulifanywa na taasisi yenye akiba, kwa wanachama wake.

Sasa tuangalie mchezaji wa kulipwa wa kawaida anavyoishi, kwani wengi huku kwetu hudhani neno kulipwa lina maana ya mshahara. Mchezaji wa gofu hana mshahara. Hana klabu inayomlipa hata asipopangwa, kama mwanasoka wa Simba au Coastal Union. Analipa nauli, malazi, ada ya kuingia na ujira wa kedi. Anacheza raundi 2, siku ya Alhamisi na Ijumaa. Mikwaju yake ikizidi mstari wa mchujo anafungasha virago bila senti moja. Akivuka mchujo, anacheza Jumamosi na Jumapili na kulipwa kulingana na nafasi aliyomaliza. Juu ya fedha kuna pointi, na pointi ndizo zinazoamua mwakani atakuwa na kadi ya ziara gani, yaani haki ya kuingia mashindano bila kuomba. Mwanasoka akikosa mechi ataisoma hasara yake kwenye jedwali la ligi. Mchezaji wa gofu akikosa mashindano ataisoma kwenye sahani yake ya chakula, na mwaka unaofuata ataisoma tena kwenye orodha ya walioruhusiwa kucheza.

Ndipo tunapofika kwenye kiini. Ziara zilipofungwa, viongozi wake waliamua, kwa nia njema, kwamba asiadhibiwe mtu kwa kutocheza. Orodha ya viwango vya dunia iligandishwa katikati ya Machi hadi katikati ya Juni. PGA Tour iliwaachia wachezaji wake hadhi zao kwa msimu uliofuata, na ile ziara ya chini yake, Korn Ferry, ikachezwa kama msimu mmoja wa miaka miwili bila kupandisha kundi lake la kawaida mwaka 2020. European Tour iliwaachia wachezaji wake kadi zao hadi mwaka 2021. Kisha ikafuta mashindano yake ya kufuzu, yale ambayo mtu yeyote mwenye kiwango, awe wa Madrid au wa Moshi, anaweza kulipa ada na kujaribu bahati yake. Yalifutwa 2020, yakafutwa tena 2021, yakarejea mwishoni mwa 2022. Kwa hiyo tangu vuli ya 2019 lango hilo lilikaa limefungwa miaka 3.

Kanuni inayosema hakuna atakayeshushwa ina upande wake wa pili: hakuna atakayepandishwa. Nafasi uwanjani zina hesabu. Mashindano ya European Tour kwa kawaida huchukua wachezaji kama 156, kwa sababu mwanga wa mchana hautoshi kuwahudumia wengi zaidi. Ukiwalinda wote waliomo, umewafungia waliokuwa mlangoni. Aliyekuwa na miaka 22 na mkono ulio moto mwaka 2020 alifika 25 kabla ya mlango kufunguliwa, na katika muda huo wadhamini wake wamechoka na baba yake amemshauri atafute kazi.

Kwetu habari ni nzito zaidi. Kenya Open ilianza mwaka 1967 na katika orodha ya washindi wake wamo watu wazito: Seve Ballesteros mwaka 1978, Ian Woosnam 1986, Trevor Immelman 2000. Kwa miaka mingi ilikuwa ya ngazi ya pili barani Ulaya, Challenge Tour, hadi 2019 ilipopandishwa kuwa ya European Tour yenyewe, na Guido Migliozzi wa Italia akashinda Karen. Kupandishwa huko kulikuja na swali gumu: wenyeji wataingiaje? Jibu lilikuwa Safari Tour, mfululizo wa mashindano ulioanzishwa na Kenya Open Golf Limited, ambapo wachezaji wa kulipwa wa kanda walikusanya pointi kwenye viwanja vya Kenya, Nairobi na pwani, kisha waliokuwa juu wakapewa nafasi za Kenya Open. Ulikuwa mpango mzuri, na ningependa kuusifu waziwazi.

Mwezi Machi 2020 ungekuwa mavuno ya pili ya mpango huo katika ngazi ya European Tour. Wachezaji walikuwa wamezunguka miezi kadhaa, wametumia fedha zao, wamepata pointi na wamefuzu. Mfuko wa zawadi wa Kenya Open katika miaka hiyo ulikuwa karibu yuro milioni 1, kwa hiyo hata anayevuka mchujo na kumaliza mkiani anapata kiasi ambacho mashindano ya nyumbani hayakitoi kwa urahisi. Kisha, siku 6 kabla ya mpira wa kwanza, kila kitu kikasimama.

Sisi wa mwambao tunaielewa hasara ya namna hii. Nahodha aliyepakia jahazi lake akachelewa, kaskazi ikakata, hawezi kwenda mbele wala shehena haimwokoi. Atasubiri hadi upepo urudi, na katika kusubiri huko deni la mabaharia linaendelea kuhesabiwa. Mchezaji aliyefuzu Karen mwaka 2020 alisubiri hadi tarehe 18 Machi 2021.

Huku Mwera, ng'ambo ya Mto Pangani, tuna mkonge na minazi, na shimo la gofu hatuna. Wapo wanaoniuliza mambo haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu ya barabara. Mchezaji wa Dar es Salaam anayekwenda kucheza Mombasa au Kilifi kwa basi anapita mkoa wetu: Segera, Tanga mjini, kisha mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga. Mwaka 2020 njia hiyo ilikatika katikati.

Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 16 Machi, na michezo ikasimamishwa siku iliyofuata. Lakini tarehe 21 Mei Rais Magufuli alitangaza kwamba michezo irejee kuanzia 1 Juni, na ikarejea. Kenya ilikwenda njia nyingine. Tarehe 16 Mei Rais Kenyatta alifunga mpaka na Tanzania kwa watu wote isipokuwa malori ya mizigo, na madereva wa malori hayo wakakwama Horohoro na Namanga kwa mvutano wa vipimo. Kenya iliporuhusu ndege za kimataifa tarehe 1 Agosti, Tanzania haikuwamo katika orodha ya kwanza ya nchi zilizokubaliwa, nasi tukajibu kwa kuzuia ndege za Kenya Airways hadi katikati ya Septemba.

Mtazame mchezaji wa kulipwa wa Lugalo, Gymkhana au Arusha katika miezi hiyo. Uwanja wa nyumbani umefunguliwa. Anaweza kufanya mazoezi kutwa. Mashindano ya kulipwa yenye pointi yako ng'ambo ya mpaka asioweza kuuvuka, na nyumbani hakuna ziara ya kulipwa ya kumlisha. Viongozi wa michezo wa wakati ule walijivunia kwamba Tanzania inacheza, na mashabiki wa soka walikuwa na haki ya kufurahi. Kwa gofu ya kulipwa, kufunguliwa kwa viwanja hakukutosha, kwa sababu tulikuwa tumeiachia Kenya kazi ya kutujengea ngazi. Huo ndio udhaifu ambao ugonjwa uliuweka wazi. Ulikuwapo kabla ya korona.

Mwaka 2021 Karen ilifunguliwa, na ilifunguliwa kwa namna ya ajabu. European Tour ilikuwa imejifunza kupunguza safari kwa kucheza mashindano mawili mfululizo mahali pamoja. Nairobi ikapata mawili: Kenya Open tarehe 18 hadi 21 Machi, kisha Kenya Savannah Classic tarehe 23 hadi 26, kwenye uwanja uleule, bila watazamaji, wachezaji na makedi wakipimwa na kuzuiwa kuchangamana na watu wa nje. Justin Harding wa Afrika Kusini alishinda la kwanza kwa mikwaju 21 chini ya kiwango cha uwanja. Mwenzake Daniel van Tonder alishinda la pili baada ya mashimo ya ziada dhidi ya Jazz Janewattananond wa Thailand. Wenyeji nao walipata nafasi mara mbili ndani ya siku 9, jambo ambalo halikuwahi kutokea na halijatokea tena.

Siku hizo 9 zilikuwa nzito kwa Watanzania. Usiku wa tarehe 17, mkesha wa raundi ya kwanza, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa ziarani mkoani kwetu Tanga, alilitangazia taifa kifo cha Rais Magufuli. Raundi ya pili ilichezwa siku aliyoapishwa kuwa Rais. Raundi ya mwisho ya Savannah Classic ilichezwa tarehe 26, siku ya maziko ya Chato. Na siku hiyohiyo Rais Kenyatta alizifunga kaunti 5, Nairobi ikiwamo, na kusimamisha michezo humo. Mashindano yangechelewa kwa siku 2 tu yasingemalizika. Hivyo ndivyo uzi ulivyokuwa mwembamba, na ndiyo sababu siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba gofu ya kanda ilirudi salama mwaka 2021. Ilirudi kwa bahati.

Na hao wanaobeba mifuko? Kedi hulipwa kwa raundi. Hana mkataba, na asipokuwapo wa kumbebea hakuna malipo. Klabu ikifunga geti, au ikifungua kwa masharti kwamba kila mchezaji asukume mfuko wake mwenyewe, kedi ndiye wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi. Lile tukio la Warren huko Austria lilisimuliwa kama ushujaa wa mchezaji. Kwa kedi wa Afrika Mashariki lilikuwa na ujumbe mwingine: kwamba inawezekana kushinda bila yeye. Tena wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianza kama makedi, wakijifunza kwa kutazama na kwa kucheza jioni na fimbo za kuazima. Anayeondoka klabuni mwaka 2020 kwenda kuendesha bodaboda ameondoka pia na mchezaji ambaye angekuwa. Hasara hiyo haionekani kwenye orodha yoyote ya matokeo.

Wanawake waliumia zaidi, na waliandikwa kidogo zaidi. Desemba 2019 Ladies European Tour ilifika kwa mara ya kwanza katika mwambao wetu, Vipingo Ridge, kaunti ya Kilifi, na Esther Henseleit wa Ujerumani akashinda Magical Kenya Ladies Open. Ulikuwa mwanzo mzuri mno. Wasichana wa Kilifi na Mombasa waliona kwa macho yao mwanamke akilipwa kwa kupiga mpira. Kisha mashindano hayo hayakuchezwa 2020, wala 2021. Yalirejea Februari 2022, akashinda tena Henseleit. Mtoto wa kike aliyeiona ile ya kwanza akiwa darasa la saba alikuwa sekondari ilipokuja ya pili. Wanaume walipata Karen mara mbili mwaka 2021; Vipingo haikupata hata mara moja.

Kwingineko duniani gofu ya burudani ilinufaika, kwa kuwa ni mchezo wa uwanja wazi na watu huachiana nafasi bila kulazimishwa. Marekani ilihesabu raundi milioni 502 mwaka 2020, ongezeko la karibu asilimia 14. Faida hiyo ilikwenda kwa wenye viwanja na wauza fimbo. Mchezaji wa kulipwa wa Morogoro haikumgusa.

Tangu hapo hatua zimepigwa. Kenya Open ilihamia Muthaiga mwaka 2022, na imeendelea kuchezwa kila mwaka. Mwaka 2023 aliishinda Campillo, yuleyule aliyeshinda Doha siku 4 kabla ya Karen kukosa kuanza. Na Tanzania, mwaka 2024, ilianza Lina PG Tour, iliyopewa jina la kumuenzi marehemu Lina Nkya, ambayo inazunguka kwenye viwanja vyetu wenyewe na kuwalipa wachezaji wetu. Hilo ndilo lililokosekana mwaka 2020, na ninaliona kuwa jambo kubwa kuliko ushindi wowote wa mchezaji mmoja. Ziara ya nyumbani ikiwepo, mpaka wa Horohoro ukifungwa mtu bado ana pa kuchuma.

Lakini ziara peke yake haina kinga. Imesimama juu ya wadhamini, na mdhamini ndiye anayekimbia kwanza siku ya shida. Kwa hiyo ninaviomba Chama cha Gofu Tanzania na Kenya Open Golf Limited viandike sasa, wakati hakuna dharura, kanuni itakayosema wazi: mchezaji aliyefuzu kwa pointi haipotezi nafasi yake mashindano yakiahirishwa, na yakifutwa apate fidia ya gharama kutoka kwenye akiba iliyotengwa kwa kazi hiyo. Akiba hiyo ianze na sehemu ndogo ya zawadi ya kila mashindano, hata asilimia 2, na makedi wahesabiwe humo kama wadau, majina yao yakiwa kwenye daftari. Mashindano ya wanawake yapewe ahadi ileile ya kupangiwa tarehe mpya inayopewa ya wanaume. Na Baraza la Michezo la Taifa lisiache gofu ya kulipwa nje ya mipango yake ya dharura kwa kudhani ni mchezo wa matajiri, kwa kuwa wanaoucheza kwa riziki si matajiri.

Ewe msomaji uliye mwanachama wa klabu, kwenye mkutano mkuu ujao simama uulize swali moja: geti likifungwa tena kwa miezi 3, makedi wetu watakula nini? Usikae mpaka jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.